Punguza kwenye karatasi, usipunguze kwenye pawa saplai

Kompyuta ya kwanza niliyoiunda mwenyewe ilikuwa na ubao mama wa kifahari, ule unaobeba na kuunganisha vifaa vingine vyote. Ulikuwa na vyuma vizito vya kupozea kando ya soketi ya prosesa, taa za rangi saba, na nafasi nne za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ambazo mbili kati yake hazikuwahi kuguswa mpaka nilipouuza. Juu yake nikapachika prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya Intel isiyo na herufi K mwishoni mwa jina. Kama hujaona kichekesho kiko wapi, ni hiki: ubao wa daraja la Z una bei kubwa kwa sababu unaruhusu kupandisha kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, na prosesa isiyo na K haipandishwi kwa namna hiyo. Nililipia ngazi katika nyumba isiyo na ghorofa. Pesa iliyobaki haikutosha kadi ya grafiki, inayochora picha za skrini, nikakaa miezi saba nikicheza gemu za zamani huku taa zikiniwakia.

Wanaoanza huniuliza wabane wapi. Jibu langu halijabadilika: ondoa kile ambacho kazi yako haikidai, lakini usinunue kibovu cha kile inachokidai. Mambo haya mawili hufanana ukiyatazama haraka, kwa sababu yote hupunguza jumla iliyo chini ya orodha.

Kwa hiyo shika kalamu kabla hujaanza kutazama bei. Usianze na majina ya vifaa. Andika kazi: kuhariri video za dakika kumi, kucheza gemu kwenye skrini ya 1080p, kuandika ripoti na kupiga hesabu. "Kompyuta yenye nguvu" si kazi. Ukiandika hivyo muuzaji atakumalizia sentensi anavyotaka yeye. Kisha tazama skrini utakayotumia. Skrini ya 60Hz hukuonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ikitoa fremu, yaani picha, 200, hizo nyingine umezilipia bila kuziona.

Kama kwenye karatasi yako hakuna gemu nzito, video wala michoro ya pande tatu, futa kadi ya grafiki yote. Hakuna mstari mwingine kwenye orodha unaookoa pesa kama huo. Prosesa nyingi zina grafiki ndani yake, na inatosha kwa ofisi, masomo, filamu na hata gemu nyepesi.

Ila soma herufi. Mpwa wangu alinunua Core i5-12400F kwa sababu ilikuwa nafuu kidogo kuliko 12400 ya kawaida. Akaunganisha kila kitu vizuri, feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. "Mjomba, skrini imekufa." Nikaenda. Tulibadilisha kebo, tukachomoa RAM na kuirudisha, tukatoa betri ya BIOS (programu ya ubao inayoiamsha kompyuta), tukaazima skrini ya jirani. Ilikuwa karibu saa nne usiku nilipookota boksi la prosesa sakafuni na kuiona ile F. Kwa Intel, F maana yake haina grafiki ndani. Alichookoa hakikufika hata robo ya bei ya kadi aliyolazimika kuitafuta kesho yake. Kwa upande wa AMD, mshindani wa Intel, kwenye soketi ya AM4 mambo ni kinyume: prosesa ya Ryzen 5 5600 haina grafiki, 5600G inayo. Soketi ya AM5 ilipokuja mwaka 2022, Ryzen nyingi zikawekewa grafiki ndogo ndani, ila zenye F bado hazina.

Tukiwa hapo kwenye prosesa: usikimbilie toleo la mwaka huu. Kizazi kilichopita, chenye koa (viini vya kufanyia kazi) sita na nyuzi (kazi zinazokwenda sambamba) kumi na mbili, kinabeba kazi za watu wengi bila kutoka jasho. AM4 imekuwepo sokoni tangu zama za Ryzen za kwanza, mwaka 2017, na mbao mama zake na RAM yake ya DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, zimezagaa, mpya na zilizotumika. Utaambiwa kwamba jukwaa la zamani halina njia ya kupanda baadaye. Ni kweli. Lakini jiulize ni wangapi unaowajua waliowahi kubadilisha prosesa peke yake. Wengi hukaa miaka mitano au sita, kisha hubadilisha prosesa, ubao na RAM kwa pamoja. Kulipia leo nafasi ya kupanda ambayo hutaitumia ni ile ngazi yangu tena.

Ubao mama, au mazabodi kama tulivyozoea kuuita, chukua wa daraja la B, lililo chini ya Z, na ulale usingizi. Ule wa chini kabisa hutosha kwa prosesa ndogo, mradi uhesabu mapema nafasi za RAM (mara nyingi ni mbili tu) na matundu ya kuchomeka diski. Usiiweke prosesa ya moto kwenye ubao ambao sehemu yake ya kulisha umeme haina hata kipande cha chuma cha kupozea. Itapunguza kasi yenyewe na utaanza kuilaumu prosesa. Jambo jingine: ubao uliokaa ghalani muda mrefu unaweza usiitambue prosesa mpya kuliko wenyewe mpaka BIOS isasishwe. Muulize muuzaji kabla ya kulipa, au tafuta ubao wenye kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa.

RAM inanunuliwa vijiti viwili. Viwili vya 8GB vinafanya kazi pamoja na kupanua njia ya data, wakati kimoja cha 16GB kinaacha nusu ya njia tupu. Ukitegemea grafiki iliyo ndani ya prosesa, tofauti utaiona kwa macho kwenye gemu, maana grafiki hiyo haina kumbukumbu yake, inaazima RAM. Kwenye ubao wenye nafasi nne, vipachike kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. DDR4 na DDR5 haziingiliani. Mapengo yake hayako mahali pamoja. Hata prosesa zile za Intel za soketi ya LGA1700 zinazokubali zote mbili, ubao ndio unaoamua ni ipi. Bei ya RAM nayo haitulii. Mwishoni mwa mwaka 2025 ilipaa ghafla kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vilikuwa vinanyakua chipu, na waliokuwa na vijiti vya zamani kwenye droo wakajikuta matajiri. Kipindi kama hicho, RAM iliyotumika ni mahali salama pa kubana, kwani ni kifaa kisichochakaa kirahisi na hupimika kwa usiku mmoja.

Kuna kasi ambayo watu hulipia na hawaichukui. Kijiti kimeandikwa 3200, lakini ukikipachika huenda kikaanza na 2133 au 2400 mpaka uingie BIOS na kuwasha XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa kwenye kijiti, au EXPO kwa DDR5 za AMD. Nimewahi kuletewa mashine ya miaka miwili "imezeeka, nataka kubadilisha". Niliwasha mstari mmoja BIOS nikairudisha.

Kwenye diski sitakawia. Mfumo uendeshaji uwe kwenye SSD, diski ya chipu isiyozunguka, hilo halina mjadala. SSD ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, husoma takriban 550MB kwa sekunde, NVMe inayopita njia ya kasi ya PCIe 3.0 hufika kama 3,500, ya 4.0 kama 7,000. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA utaruka kwenye kiti; kutoka 3,500 kwenda 7,000, kwa kazi za kawaida hutajua. Angalia tu kwamba umbo la M.2, kile kipande chembamba kinacholala juu ya ubao, si ushahidi wa NVMe, kuna M.2 za SATA pia. Na ukiona ujazo wa 2TB kwa bei ya 256GB, unauziwa mbuzi kwenye gunia: chipu imedanganywa ijitambulishe kuwa kubwa, na faili zinaanza kuharibika ikishajaa ujazo wake wa kweli. Programu kama H2testw hukuumbulia udanganyifu huo.

Sasa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawia vifaa vyote umeme, ambako ningependa unisikilize hata kama yote ya juu umeyapuuza.

Ni kifaa kisichoonekana, hakiongezi fremu hata moja, kwa hiyo ndicho cha kwanza kukatwa bajeti inapobana. Geuza boksi usome jedwali, si namba kubwa ya mbele. Niliwahi kushika moja nyepesi kama mkate, ubavuni imeandikwa 600W. Kwenye jedwali, laini ya volti 12 ilikuwa na ampia 25. Zidisha: 12 mara 25 ni wati 300. Prosesa na kadi ya grafiki hula karibu umeme wao wote kutoka laini hiyo, kwa hiyo ile ilikuwa pawa saplai ya wati 300 na ushee iliyovaa koti la kaka yake. Alama ya 80 Plus nayo ielewe vizuri. Inapima ufanisi, yaani umeme kiasi gani unapotea kama joto. Haisemi lolote kuhusu kinga ya shoti au uimara wa kapasita. Ni dalili njema tu, basi.

Upande wa pili, watu hununua wati kupita kiasi. Ryzen 5 5600 huishia kama wati 76, kadi ya RX 6600 hutumia 132, ongeza 50 za ubao, diski na feni. Hujafika 300. Pawa saplai nzuri ya 550W inabeba mzigo huo na nafasi ikabaki; ya 850W ni pesa ambayo ingekwenda kwenye kadi.

Na kebo. Nilikuwa na pawa saplai mpya ya kebo za kuchomoa, nikahitaji kebo moja zaidi ya diski. Kwenye droo nikakuta ya pawa saplai ya zamani. Ikaingia vizuri kabisa, mpaka "klik". Nikawasha. Kulitoka harufu ya plastiki iliyoungua, moshi mwembamba kama wa kiberiti kilichozimwa, na SSD yangu ikawa imekwisha pamoja na kazi ya wiki tatu. Upande wa diski kebo hizo zinafanana zote, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji hupanga nyaya anavyotaka, wakati mwingine hata matoleo mawili ya kampuni moja hutofautiana. Volti 12 ziliingia palipotakiwa volti 5. Tumia kebo zilizokuja ndani ya boksi, nyingine usiziamini hata zikiingia.

Kadi ya grafiki iliyotumika ni mahali pazuri pa kuokoa, ukikubali kusumbuka. Ione ikifanya kazi chini ya mzigo kwa dakika ishirini, sikiliza feni, tazama joto. Fungua programu ya GPU-Z ulinganishe chipu na jina lililo kwenye boksi, maana kuna kadi kuukuu zinazobadilishiwa programu zijiite mpya. Iliyochimba sarafu za kidijitali siikatai. Feni na pesti zake (dawa ya kupitisha joto) ndizo huchoka kwanza, na hivyo hubadilishwa. Ninayoiogopa zaidi ni kadi mpya iliyokatwa mahali pasipoonekana. RX 6500 XT ya mwaka 2022, kwa mfano, ina kumbukumbu ya 4GB na njia nne tu za PCIe. Kwenye ubao wa PCIe 4.0 inajitahidi. Kwenye ubao wa zamani wa 3.0, yaani ule hasa anaokuwa nao mtu mwenye bajeti ndogo, inapoteza kasi kwa kiasi cha kuonekana.

Kasha liwe na uso wa wavu unaopitisha hewa, na feni mbili. Kioo na taa ni hiari ya moyo wako. Feni ya prosesa inayokuja ndani ya boksi inatosha kwa prosesa za wati 65. Kabla hujaifunga kagua chini yake kama kuna nailoni ya kubandua.

Vifaa vikishafika, usikimbilie kuvifungia ndani ya kasha. Weka ubao juu ya boksi lake la kadibodi, pachika prosesa, feni, RAM na pawa saplai, pamoja na kadi ya grafiki kama prosesa haina grafiki ndani, unganisha skrini, kisha gusisha pini mbili za kitufe cha kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Picha ikitokea, ingia BIOS, washa XMP, halafu acha MemTest86, programu ya kupima RAM, izunguke usiku kucha. Asubuhi soma idadi ya makosa. Ikiwa si sifuri, rudisha vijiti siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mbichi.