Jibu: Kwa nini Rabbit anajichana mwenyewe mwishoni mwa 8 Mile?

Salama mkuu. Kumbe umekwama palepale nilipokwama mimi: pambano la mwisho la kurap kwenye filamu ya 8 Mile, rapa Rabbit anajichana mwenyewe, yaani anajidiss, halafu mpinzani wake Papa Doc anakosa la kujibu.

Kwanza angalia kopi yako. Kama imetafsiriwa na DJ, sauti yake inafunika mistari yote. Mimi niliiona hivyo kibanda umiza, nikatoka najua jamaa kashinda, sijui kashindaje. Tafuta yenye sauti halisi na maandishi chini.

Kisha rudi mwanzoni, anapopata kigugumizi pale Shelter, klabu ya mapambano hayo, na watu wanamzomea. Raundi ya mwisho Papa Doc anamwachia aanze, na hapo ndipo anapojimaliza. Rabbit anataja aibu zake zote: ni mzungu, anaishi na mama yake kwenye nyumba ya trela, amepigwa, demu wake kamsaliti. Mpinzani atasema nini tena? Halafu anamgeukia: jina lako Clarence, umesoma Cranbrook. Hiyo ni shule ya kishua ya kulipia, ng'ambo ya barabara ya 8 Mile inayotenga Detroit na vitongoji vya kaskazini. Kwenye mchezo ambao ugumu wa maisha ndiyo sifa, Papa Doc kaisha.

Na kama unadhani mwisho umekatwa, hapana, hujakatiwa filamu. Rabbit anarudi kiwandani anakofanya kazi kumalizia zamu. Kushinda pambano hakulipi kodi, na mimi naona ndiyo sehemu tamu kuliko mashairi yenyewe.