Usiguse hiyo tiki: kache bila betri ilinimaliza Kisumu

Toa mkono kwenye kipanya kwanza, halafu usome.

Umesema uko Nakuru, una storeji (kabati la diski za kuhifadhi data) ya kontrola mbili (bodi zinazoziendesha diski hizo) inayobeba hifadhidata ya ushirika wa maziwa. Tangu Jumatatu taa ya njano ya betri inawaka na kuandika kumekuwa kwa kujikokota. Unauliza kache, ile kumbukumbu ya muda ya kontrola, uigawe asilimia ngapi ya kusoma na ngapi ya kuandika, bloku (kipande cha data) iwe 4K au 16K, usomaji wa mapema (kuvuta data kabla haijaombwa) uwashwe au uzimwe. Kisha mwisho kabisa, kama mtu anayeongeza chumvi, unasema fundi wa muuzaji amekushauri uweke tiki kwenye kile kisanduku cha kuendelea na kache hata bila betri, "kwa muda tu". Watatu hapo juu wameshakujibu habari za bloku. Nyumba inaungua, nanyi mnajadili rangi ya pazia.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo acha nijivue.

Nilikuwa mtu wa mitambo kwenye sacco moja hapa Kisumu. Jina sitaji, nina watoto. Storeji yetu ilikuwa kama yako: kontrola mbili, kache ya GB 4 kila moja, diski za kuzunguka. Siku moja taa ya njano ikawaka na matawi ya Bondo na Luanda yakaanza kupiga simu kwamba kuweka amana moja kunachukua muda wa kunywa chai. Nikampigia fundi wa muuzaji. Akacheka. "Hiyo ni betri tu. Weka tiki pale, itaandika bila betri. Si una UPS, ile betri kubwa ya akiba ya chumba? Si una kontrola mbili? Kila mtu anaweka." Nikaweka. Mashine ikakimbia kama matatu ya jioni, meneja akanipongeza mbele ya watu. Nilijiona mtaalamu. Cheti changu kilikuwa ukutani kikinitazama, hakikusema kitu.

Sasa sikiliza kwa nini mashine yako imekuwa polepole, maana hilo ndilo hukuambiwa. Kontrola ina RAM yake, kumbukumbu inayofutika stima ikikatika, na humo ndimo kache inamokaa. Ikiwa kwenye raitibaki (write-back), seva ikileta data inaipokea kwenye RAM, inajibu papo hapo "tayari, nimeandika", kisha inaipeleka kwenye diski kwa nafasi yake. Ni uongo, ila ni uongo wenye mdhamini, na mdhamini ni betri. Stima ikikatika, betri za mtindo wa zamani hushikilia ile RAM kwa kama saa 72. Mitambo ya kisasa huimwaga RAM kwenye flashi, kumbukumbu isiyohitaji stima, kisha inalala. Betri ikifa, storeji hurudi yenyewe kwenye raitithruu (write-through): haisemi "tayari" hadi diski iwe imeshika. Polepole yako ndiyo hiyo, wala si ugonjwa. Mashine imeona haina mdhamini, ikaacha kukopa. Na mimi niliyefanya kazi sacco, mahali ambapo hata mwenyekiti hapewi mkopo bila wadhamini, nikaikopesha mashine bila hata mmoja.

Wiki saba hakukutokea kitu. Hapo ndipo ubaya ulipo, kwa sababu wiki saba zinatosha kumfanya mtu asahau kuagiza betri. "Kwa muda tu" yangu ilikuwa imeota mizizi.

Ikaja Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi. Foleni inafika mlangoni. Mnadhani stima ilikatika? Hapana. Stima ilikuwepo! Taa zinawaka, feni ya mhasibu inazunguka, redio ya soja nje inaimba. Chumba cha seva peke yake ndicho kilikuwa kimya, na kama hujawahi kusikia chumba cha seva kikinyamaza, omba usisikie. UPS ilikuwa imeanza kujipima yenyewe, kama inavyofanya kila baada ya majuma kadhaa. Ikaacha stima ya nje, ikaegemea betri zake, ikakuta betri zake zimekufa zamani. Ikaangusha kila kitu. Jenereta haikuwa na habari, kwa sababu kwake stima haikuwa imepotea.

Hapo ndipo "si una UPS?" inapokufa. Meneja alikuwa na kawaida ya kuzima ubaridi wa kile chumba jioni ili kubana bili, na mnajua joto la Kisumu likikaa kwenye chumba kisicho na dirisha. Betri za risasi za UPS hupoteza takriban nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Betri ya kontrola nayo haipendi joto. Zote zilinunuliwa pamoja, zikakaa chumba kimoja, zikapikwa na joto moja. Nilikuwa nimetegemea mgonjwa amlinde mgonjwa mwenzake wa kitanda cha pili. Na zile kontrola mbili zinazonakiliana kache? Zinanakiliana kutoka RAM hadi RAM. Stima ikiondoka kwa zote mbili, umepoteza nakala mbili badala ya moja.

Mashine ziliporudi, storeji ikaandika kwa adabu kabisa kwamba data ya kache ya volumu mbili (sehemu mbili za hifadhi) imepotea. Hifadhidata haikufunguka. Ingefungukaje? Ilikuwa imeuliza mara elfu "umeandika?" na ikajibiwa mara elfu "nimeandika". Kurasa nyingine zilikuwa nusu mpya nusu za zamani. Kumbukumbu za miamala, zile ambazo zingeturudishia asubuhi ile, bingwa huyu alikuwa ameziweka kwenye storeji hiyo hiyo. Tukarudi kwenye bakapu ya saa nane usiku. Kila kilichoingia baada ya hapo kikawa hewa.

Waliolipa kwa M-PESA tuliwapata kwenye taarifa ya paybill. Wa pesa taslimu tuliwatafuta kwenye nakala za kaboni za risiti, matawi yote, watu watatu, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili jioni, tukila mandazi baridi. Kaboni nyingine zilikuwa zimefifia hadi unaweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha uone kama ni 3 au 8.

Kuna mama mmoja anayeuza omena Kibuye, alikuwa ameweka pesa saa tatu asubuhi. Alirudi Jumatatu kuchukua mkopo mdogo, akaambiwa salio halitoshi. Akaletwa kwangu. Akafungua leso, akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, ikinuka samaki, akaiweka juu ya kibodi yangu. "Mwanangu, huu muhuri ni wa nani?" Nikasema ni wetu, mama. "Karatasi yenu inasema mmepokea. Mashine yenu inasema hamjapokea. Nimwamini nani?" Nilishindwa kumjibu. Risiti yake ilikuwa ni kile kile "tayari, nimeandika" cha kontrola, ila yeye alikuwa na karatasi mkononi, mimi sikuwa na kitu.

Na yule fundi? Nilimpigia. Akaniambia, bila aibu, "Lakini mwongozo unaonya." Ndiyo, unaonya! Niliusoma baadaye, onyo liko ndani ya kisanduku chenye pembetatu. Lakini wewe fundi ulinishauri kwa simu, kwa kicheko, na nilipokuomba uniandikie barua pepe ukasema "tutaongea". Sasa nina kipimo changu kwa watu wa namna hiyo: ushauri asiotaka kuuandika, sitaki kuufanya. Muulize wako leo akuandikie kwamba uweke tiki. Uone kama simu yake haitaisha chaji.

Betri mpya, ikishafika, ilikuwa nafuu kuliko chakula cha mchana cha wakaguzi waliokuja kutuhoji.

Kwa hiyo: hakuna betri hai, hakuna kache ya kuandika. Kwenye PERC, kontrola za Dell, hicho kisanduku utakikuta kama "Force Write Back". Wengine wanakiita vingine, lakini kazi ni ile ile. Kama kimeshawekwa tiki, kitoe sasa hivi, ukubali polepole, kazi nzito kama ripoti za malipo ya wakulima zisogeze usiku. Angalia kwanza kama betri imekufa kweli au inajipima tu, maana baadhi hujimwaga na kujijaza upya kila baada ya miezi michache, na kwa saa hizo storeji hurudi raitithruu kisha inapona yenyewe. Ikiwa imekufa, agiza leo, na ukishaiweka usishangae ikikawia hadi ijae chaji. Kache ya diski zenyewe nayo iwe imezimwa, kwa sababu betri ya kontrola haiilindi. Na UPS, chomoa waya wake ukutani siku ya Jumapili, kila kitu kikiwa kimefungwa vizuri, uhesabu dakika kwa saa yako mwenyewe. Namba iliyo kwenye kioo chake ni matumaini.

Uliuliza na usomaji wa mapema... washa, zima, hata sijui, nimeshachoka kuandika. Asilimia tuzungumze ukiwa na betri.

Nenda nyuma ya kabati sasa, uvute hiyo moduli ya betri ukiwa umefuata mwongozo, uniwekee hapa tarehe iliyo kwenye lebo. Ya betri, si ya mashine.