Barua kwa mwanangu aliye Hamburg

Mwanangu,

Waalaikumu salaam. Unauliza kama umruhusu mwenye nyumba akate kodi mwenyewe kwenye akaunti yako kila mwezi, au uiagize benki imtumie. Nduguyo kanisomea ujumbe wako wote. Lakini mimi nakuuliza: hiyo karatasi ya ruhusa umeisoma mpaka chini? Kwetu hatutii sahihi tusichokisoma.

Safari ya benki ya Malindi unaijua nusu tu, ile ya kuchekesha. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikwenda kuweka pesa za kofia, nami mdogo nimeshika buibui lake. Karani akamsukumia kadi atie sahihi. Bibi akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, kama alivyofunzwa chuoni Lamu, mwandiko mzuri hasa. Yule kijana akaigeuza kadi juu chini, akasema, "Mama, hujui kuandika, weka dole." Mbele za watu! Mwanamke aliyekuwa akiwasomea majirani barua za waume zao walioko baharini.

Akabonyeza dole kwenye wino, zambarau juu ya hina. Kisha, pale chini ya alama ya dole, akaliandika tena jina lake, polepole. Karani hakusema kitu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu moyo unaniuma.

Labda kijana alikuwa na kanuni zake. Kanuni gani lakini, ya kumkosea adabu mtu mzima? Basi, tuyaache.

Huko wewe ndiye mgeni wa kadi. Nimefurahi kusikia kwamba tangu 2016 sheria yao inampa kila anayekaa huko kihalali haki ya akaunti ya msingi, hata kama hana kipato. Usikubali karani akufukuze hivihivi. Na usitie sahihi usichokisoma, hata kikiwa Kijerumani. Mpe rafiki akusomee.

Sasa kodi. Mimi tangu M-Pesa ianze 2007 nimezoea kutuma kwa mkono wangu, mtu kuingia mfukoni mwangu sipendi. Lakini nduguyo anasema kwenu pesa iliyokatwa kwa ruhusa unaweza kuidai benki ikurudishie ndani ya wiki 8, bila kueleza sababu. Uliyotuma mwenyewe ikishafika imefika, umwombe aliyepokea. Hapo ananishinda. Ila ukirudishiwa kodi, si bado unadaiwa? Na wewe mshahara wako huchelewa.

Sikuamulii, umeshakuwa mtu mzima. Ningekuwa mimi… haya, nimenyamaza.

Nitumie ile namba ya akaunti yenye tarakimu na herufi 22, inayoanza na DE. Iandike, usiisome kwenye simu, mamako alikosea mwanzo. Na jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, yote matatu, na la babu yako lisiachwe.

Babako