Maswali ya Wasomaji: Alama za Milango na Madirisha katika Michoro ya Kompyuta

SWALI: Mimi ni mchoraji wa michoro ya majengo hapa Bagamoyo. Kwa sasa ninachora upya, kwa programu ya Revit, nyumba ya zamani ya mawe iliyo karibu na Mtaa wa India, ambayo mwenyewe anataka kuikarabati. Maktaba ya alama tuliyoirithi ofisini huandika D kwenye mlango na W kwenye dirisha, kwa kufuata Kiingereza. Fundi seremala alipopokea mchoro aliisoma D3 kuwa ni dirisha la tatu, akapima uwazi usiohusika, na mbao zikakatwa kabla kosa halijagunduliwa. Tangu siku hiyo ninafuta alama na kuandika maneno mwenyewe juu ya kila mlango, lakini nikibadilisha namba ya mlango maneno hayo hayabadiliki. Je, ninaweza kuzibadili alama zenyewe ndani ya maktaba? Tena, je, alama inaweza kubeba habari za nakshi za mlango? — Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa hasara ya mbao. Naomba kwanza fundi wako asilaumiwe, kwa sababu kwa mtu anayefikiri kwa Kiswahili herufi D ni ya dirisha na hawezi kuisoma vinginevyo. Mchoro huandikwa kwa ajili ya mtu atakayeshika msumeno, na alama ikimpotosha yeye, ni alama inayopaswa kubadilishwa.

Inawezekana kuibadili, na kazi yenyewe haizidi nusu saa ukishaelewa jinsi alama ilivyoundwa. Katika Revit alama ya mlango ni familia (yaani kiolezo cha kitu kinachotumika tena na tena) inayojitegemea, iliyo katika faili lake, mbali na familia ya mlango wenyewe. Ndani yake mna mistari ya umbo, yaani duara au mstatili, na mnaweza kuwa na maandishi ya namna mbili ambayo kwa macho yanafanana kabisa. Namna ya kwanza ni maandishi tuli, ambayo hubaki vilevile popote alama inapowekwa. Ya pili ni lebo, ambayo haina maneno yake, bali husoma habari iliyohifadhiwa ndani ya mlango na kuionyesha. Maneno unayoyaandika sasa juu ya mchoro ni ya namna ya kwanza, na ndiyo sababu hayafuati mabadiliko.

Kabla ya kugusa chochote, tafuta D hiyo inakaa wapi, kwa kuwa inaweza kuwa mahali patatu. Huenda ni maandishi tuli ndani ya familia ya alama. Huenda ni kiambishi kilichowekwa mbele ya lebo. Au huenda mtu aliichapa moja kwa moja katika namba ya kila mlango. Ichague alama moja kwenye mchoro, toa amri ya kuhariri familia, na mara familia inapofunguka ihifadhi kwa jina jipya, ili ile ya zamani ibaki salama. Kisha chagua lebo na ufungue dirisha la kuihariri. Hapo utaiona orodha ya habari ambazo lebo inasoma, pamoja na nafasi ya kuandika kiambishi cha mbele na cha nyuma. Ukiikuta D katika nafasi hiyo, iondoe na uandike ML. Ikiwa ni maandishi tuli, yafute na uandike ML kama kiambishi cha lebo. Ikiwa imechapwa katika namba zenyewe, itakubidi uzisafishe namba zote, na njia ya haraka ni kufanya hivyo ndani ya jedwali la milango badala ya kuzunguka mlango mmoja mmoja. Ukimaliza, ipakie familia kwenye mradi, kisha uzichague alama zote za zamani kwa pamoja na uzibadilishe aina ziwe za familia mpya.

Ninapendekeza ML kwa mlango na DR kwa dirisha, wala si M na D. Herufi D peke yake itaendelea kuwachanganya wahandisi waliosoma kwa Kiingereza, ambao wataiona wakadhani ni mlango, na M karibu na namba husomeka kama mita. Herufi mbili hupunguza utata huo. Hata hivyo, weka ufunguo wa alama kwenye kila karatasi na si kwenye karatasi ya kwanza tu, maana katika eneo la ujenzi karatasi hutengana, na seremala hupewa ile moja inayomhusu.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalitambui hadi siku ya kukabidhi kazi. Kiambishi kilichowekwa kwenye lebo ni mali ya lebo, kwa hiyo hakionekani katika jedwali. Mchoro utaandika ML3 na jedwali litaandika 3. Ikiwa jedwali lina kichwa kinachosomeka wazi kuwa ni Jedwali la Milango, hakuna tatizo. Lakini ukiyaweka majedwali ya milango na madirisha kwenye karatasi moja bila vichwa, utakuwa umeliandaa kosa lilelile upya.

Nakuja sasa kwenye nakshi, ambako swali lako limenifurahisha. Lebo haiwezi kusoma kila kitu. Husoma parameta, yaani nafasi za kuhifadhi habari, zilizomo tayari katika kundi la milango, na zile unazoziongeza wewe husomwa tu kama ni parameta za pamoja, yaani zilizoandikwa katika faili la pembeni ambalo programu hulitumia kuzitambua katika familia na katika mradi. Ukiunda parameta ya kawaida ya mradi, itaonekana katika jedwali lakini lebo haitaiona kamwe, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani programu imeharibika. Faili hilo ni la maandishi matupu, lakini usilihariri kwa mkono: kila parameta ina utambulisho wake wa pekee, na parameta mbili zenye jina moja na utambulisho tofauti huhesabiwa kuwa vitu viwili. Lihifadhi mahali pamoja, na ofisi nzima ilitumie hilohilo.

Parameta hizo ziwe za kila mlango mmoja mmoja, zisiwe za aina ya mlango, kwa sababu milango ya nakshi ilichongwa kwa mkono na hakuna miwili iliyo sawasawa. Mimi ningeandika hali ya fremu, hali ya mfaa (ubao wa katikati ya mlango), hali ya kizingiti, namba ya picha, na kama mlango ulichongwa kabla ya 1940. Mwaka huo siutaji kwa kubahatisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaihesabu milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa, kwa hiyo mlango wa namna hiyo hauondolewi mahali pake kwa uamuzi wa fundi na mwenye nyumba peke yao. Alama ndogo inayomwonya fundi kabla hajashika tindo inaweza kuuokoa mlango ambao hakuna atakayeuchonga tena.

Lakini usiyajaze yote hayo ndani ya alama. Iache ibebe namba na neno moja, kwa mfano NAKSHI, na mengine yote yakae katika jedwali. Lebo ikionyesha alama ya kuulizia, ujue kwamba habari ya mlango ule bado haijajazwa. Usiifiche, kwani inakuonyesha pa kurudi na kupima.

SWALI: Ninatumia programu ya kuchorea ya AutoCAD hapa Ngamiani, Tanga. Alama zangu husomeka vizuri kwenye kompyuta, lakini zikichapwa huwa kubwa mno katika mchoro wa 1:50 au ndogo mno zikifika kwa fundi. Ninakosea wapi? — Mchoraji, Tanga

JIBU: Unazichora kwa ukubwa wa jengo, ilhali maandishi hupimwa kwa ukubwa wa karatasi. Herufi ya milimita 2.5 kwenye karatasi ni lazima iwe milimita 250 katika mchoro wa 1:100, na 125 katika ule wa 1:50. Tangu toleo la 2008, AutoCAD inaruhusu bloku (mchoro mdogo uliohifadhiwa ili utumike tena) na maandishi yapewe sifa ya kujirekebisha kulingana na skeli. Iwashe sifa hiyo katika bloku ya maktaba yako, na bloku moja itatosha kwa skeli zote mbili. Ukiongeza au kuhamisha sehemu za maandishi ndani ya bloku, tumia amri ya ATTSYNC, la sivyo alama zilizokwisha kuwekwa zitabaki na sura ya zamani.

Udogo unaousema nadhani unatokana na karatasi. Mchoro ukiandaliwa kwa A1 kisha ukachapwa kwa A3, kila urefu hupungua kwa nusu, na herufi ya 2.5 huwa 1.25, ambayo haisomeki juani. Kama unajua fundi atapata A3, andika alama kwa milimita 5 katika A1, nayo itashuka hadi 2.5.

SWALI: Nimemtumia mwenzangu wa Pangani maktaba yangu ya alama za Revit, naye anasema hazifunguki. Je, faili zimeharibika? — Msomaji, Tanga

JIBU: Haielekei. Familia iliyohifadhiwa katika toleo jipya la Revit haifunguki katika toleo la zamani, na programu haina amri ya kuirudisha nyuma. Mwulize mwenzako anatumia toleo la mwaka gani. Kama ni la zamani kuliko lako, alama hizo zitapaswa kutengenezwa upya katika toleo lake, nawe utaweza kuzifungua kwako bila shida.