Plastiki za gari zikipauka, usikubali mtu akupakie dizeli

Kuna dada wa Tegeta kanitumia picha ya RAV4 yake, anauliza, "kaka hizi plastiki za pembeni zimepauka hivi, ninunue mpya au nipige rangi?" Naona nimjibu hapa hapa manake mnaoniuliza ni wengi, na hili suala linaniuma kweli. Dada yangu usinunue, rangi usipige, na kubwa kuliko yote usikubali mtu akupakie dizeli.

Hiyo dizeli ngoja niieleze. Mimi nina X-Trail ile ya zamani, bampa zake chini kote ni plastiki nyeusi. Sehemu niliyokuwa naosha vijana wakimaliza tu wanachovya tambara kwenye kidumu, wanapaka, gari inawaka, unatoa hela yako unaondoka umefurahi. Ikija mvua ya kwanza ya masika michirizi myeusi inashuka mlangoni, plastiki inarudi kijivu, tena mbaya kuliko mwanzo kwasababu yale mafuta yamekamata vumbi la Goba lote likaganda mle kwenye vitundu vidogo vidogo. Siku nataka kuiuza dalali akaizunguka, akapitisha kidole kwenye bampa, akakiangalia, akasema "mzee hii gari imechoka" na bei akaikata pale pale. Boneti hakufungua! Gari ambayo oili nabadilisha kwa wakati, gia boksi haijawahi kuguswa, leo inahukumiwa kwa kidole. Neno lile sijalisahau, na gari sikumuuzia. Wiki iliyopita kaja dalali mwingine kabisa kuniuliza bampa mpya nimezitoa wapi, na ni zile zile.

Sasa elewa, kupauka sio uchafu. Plastiki hizi nyingi ni polipropilini, kiwandani wanachanganya na masizi ya kaboni ndo zinakuwa nyeusi, na hayo masizi yanasaidia kukinga jua. Ila miale ya UV ikipiga miaka na miaka tabaka la juu linavunjika linakuwa kama chaki. Na jua letu mnalijua, gari inashinda Posta juani toka asubuhi mpaka unatoka kazini, ukiwa unakaa Kigamboni ndo na chumvi ya bahari inagandia juu yake. Kwahiyo mafuta yoyote unayopaka juu ya ile chaki yanaificha tu.

Kazi yote iko kwenye kusafisha, nasema tena, kwenye kusafisha. Fanya kivulini plastiki ikiwa imepoa, sabuni ya kutoa grisi ichanganye na maji, brashi laini, kwenye kona tumia mswaki. Povu la kwanza litatoka kahawia zito, suuza, rudia, mpaka litoke jeupe. Hapo ndo watu wengi wanachoka. Acha ikauke kabisa, afu futa na spiriti kwa kitambaa cheupe, kikitoka na weusi wa mafuta bado hujamaliza, rudi kwenye brashi. Baada ya hapo bandika tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi pembeni ili usichafue bodi, paka dawa ya seramiki ya plastiki, kidogo sana, futa inayozidi, na isiguse maji siku nzima. Hii inakaa miezi, zile za kung'arisha za silikoni ni wiki chache umerudi pale pale. Polishi ya bodi usiiguse huku, inaacha weupe kwenye vitundu unaohangaisha sana kutoa. Kuna mafundi wanapitisha moto, plastiki inakuwa nyeusi kweli unapiga makofi, ila jua linarudi na weusi unaondoka, na polipropilini ikifika nyuzi 160 hivi inayeyuka, ukizubaa kidogo bampa imekunja sura.

Wadau tubadilike jamani. Mtu ananunua rimu mpya, anabandika stika kioo kizima, na bampa ni jivu tupu. Gari ya mkopo hiyo, umeilipia kwa jasho, unashindwaje kuipa Jumapili moja na mswaki? Kutunza ni tabia, sio hela.

Mipira ya milango na madirisha nayo ina mambo yake. Mingi ni ya EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, na mpira huo ukikutana na dizeli, mafuta ya taa au oili unavimba, unalegea, haukai tena kwenye mfereji wake. Osha na sabuni laini, kausha, paka gliserini ya duka la dawa kidogo, unabaki laini. Ila ukiwa unaelekea Bagamoyo vioo umefunga na bado unasikia upepo unapiga mluzi, huo mpira ushakufa, nenda Gerezani kule Kariakoo kwenye maduka ya spea, na kipande cha ule wa zamani mkononi, wasije wakakuuzia wa gari nyingine.