Babu kanikataza kutundika cheti, anasema walichukua waliosoma

SWALI: Kaka shikamoo, pole na kazi. Mimi nimezaliwa Katumba huku Mpanda, babu yangu alikimbia Burundi 1972. Kila nikimuuliza ilikuaje anasema tu "mwaka ule walichukua waliosoma" alafu anabadilisha stori. Nimemaliza chuo nikataka kutundika cheti sebuleni, kagoma kabisa, eti nifiche. Alafu kijiweni huyu anasema Wahutu ndo walianza, yule anasema Watutsi. Ukweli uko wapi, na kuna mtu alishtakiwa? (Msomaji, Mpanda)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Babu yako kakujibu vizuri sana, ni vile tu kafupisha.

Tuanze na hao wa kijiweni. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi wa Kihutu walivamia kusini mwa Burundi, ukanda wa ziwa Tanganyika, Rumonge na Nyanza-Lac mpaka huko Bururi, wakaua Watutsi, raia wa kawaida wanawake na watoto humohumo, hata Wahutu waliokataa kuungana nao waliuawa. Hilo lilitokea na anayelificha anakudanganya.

Sasa kilichofata ndo wenyewe Warundi wanakiita Ikiza, yaani janga. Jeshi la Rais Michel Micombero, lililoshikwa na Watutsi, pamoja na vijana wa chama tawala, wale wa JRR, waliuzima uasi haraka tu, lakini mauaji hayakuisha, yakaendelea miezi, tena mpaka mikoa ya kaskazini na kati ambako muasi hajawahi kutia mguu. Hapo ndo ujiulize, kama ilikuwa vita na waasi, mwalimu wa Ngozi alikosa nini? Wauaji walikuwa na majina ya watu kwenye karatasi. Walimu, manesi, makarani, wafanyabiashara, mapadri, wanajeshi wa Kihutu, wanafunzi wa sekondari na chuo kikuu wanatolewa darasani wenzao wanaangalia, wengine wanaitwa tu ofisini kwa mkuu wanaenda kwa miguu yao wenyewe kwa sababu mtu hajui kosa lake, wanapakiwa kwenye malori na hawarudi. Waliokufa wanakadiriwa kati ya laki 1 na laki 3. Mitaani jina lilikuwa moja tu, "abamenja", wasaliti, ukishaitwa hivo basi, na mali zako zinachukuliwa.

Kwa iyo cheti ambacho wewe unaona ni sifa, babu anaona ni jina kwenye lile karatasi. Sio ushamba huo. Burundi kwenyewe kwa miaka mingi familia nyingi za Kihutu ziliogopa kupeleka mtoto shule.

Kushtakiwa? Hamna. Tena Mei 1972, mauaji yamepamba moto, katibu mkuu wa OAU (umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule) Diallo Telli alifika Bujumbura akatangaza mshikamano na rais, hii mimi hunikera kuliko zote. Micombero alipinduliwa na mwanajeshi mwenzake Bagaza 1976 akaenda kufia Somalia 1983, hakuna mahakama iliyomuuliza kitu. Ni juzi tu, Februari 2020, tume ya Burundi ya ukweli na maridhiano ilitangaza mabaki ya watu zaidi ya 6,000 kwenye makaburi ya pamoja Karusi, na mwaka 2021 tume hiyohiyo ikatangaza kuwa ya 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari dhidi ya Wahutu. Ila usiishie hapo ukaona umemaliza hesabu, maana Oktoba 1993 alipouawa Rais Ndadaye, Mhutu, waliochinjwa kijiji kwa kijiji walikuwa Watutsi, na wachunguzi wa UN walisema 1996 kwamba hayo nayo yalikuwa vitendo vya kimbari. Nao wana babu zao wanaonyamaza.

Cheti kiweke kabatini kwanza, usimlazimishe mzee. Siku akiwa ametulia usimuulize nani aliua nani, muulize alisoma wapi na dawati moja alikuwa anakaa na nani.