Mtini: kwenye chombo au ardhini?

Umeuliza kama mtini wako uhamishiwe ardhini au ubaki kwenye pipa. Kwa maoni yangu, jambo la kuamua ni baridi na nafasi uliyonayo. Ardhini mizizi husambaa mbali kutafuta maji, hivyo mti uliokwisha kushika huvumilia ukame na huweza kufikia mita 5 au zaidi, ingawa udongo wenye naitrojeni nyingi huufanya uote majani tele na kuchelewa kuzaa. Chombo huibana mizizi, na kubanwa huko, ajabu kidogo, mara nyingi huuharakisha mti kutoa tini. Tena unaweza kuuingiza ndani wakati wa baridi kali. Taabu yake ni maji: katika joto, chombo cha lita 40 huweza kuhitaji kumwagiliwa kila siku, na udongo ukikauka kabisa tini changa hupukutika. Kila baada ya miaka 2 au 3, mti ukiwa hauna majani, utoe, upunguze mizizi ya pembeni na ubadilishe udongo. Chombo kisikae moja kwa moja juu ya ardhi, kwani mizizi itapenya kwenye matundu ya chini nawe utajikuta umeupanda ardhini bila kukusudia.